Cherehani Ikisimama

Mimi si mtu wa kuvumilia. Muulize yeyote aliyewahi kuniletea kitambaa mchana akitaka gauni jioni. Nina mdomo, na baba yangu husema mdomo huu niliurithi kwa mama, kwa kuwa mama hayupo tena wa kujitetea. Kwa hiyo nikipandisha sauti hapa na pale katika kukusimulia habari za huyu mzee, usishangae. Ni baba yangu, nampenda, na kwa miaka miwili na nusu alinifunga ndani ya chumba kimoja bila kamba wala kufuli.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Sikio. Ujanani alikuwa anafunga spika viwanjani na kwenye mikutano, zile spika kubwa za honi za chuma, na alikuwa anaingiza kichwa chake chote ndani ya honi kusikiliza kama inakwaruza. Baadaye akaweka meza ya fundi redio hapa nyumbani. Sifa zake zilivuma. Walisema anaweza kupita nje ya dirisha lako akakwambia spika yako ya kushoto imechanika, na ukienda kutazama unakuta kweli imechanika.

Basi mwenye duka la vyombo vya muziki pale mwisho wa mtaa, ambaye sote tunamwita Bwana Maboksi kwa sababu duka lake limejaa maboksi hadi darini, akampa kazi ambayo mimi sijaiona kwingine: kusikiliza. Kila amplifaya inayoingia dukani, mpya au mtumba, huletwa kwetu kwanza. Baba huiunga kwenye spika zake mbili, huweka kaseti yake ileile moja, hukaa kwenye kiti chake na kufumba macho. Ikimridhisha, hubandika nyuma yake kipande cha karatasi alichokiandika kwa mkono wake: "Imesikilizwa." Mtu wa mtaa huu hanunui amplifaya isiyo na karatasi hiyo. Nimeona kwa macho yangu wanaume wazima wakigeuza amplifaya dukani kutafuta karatasi kabla hata ya kuuliza bei.

Ilikuwa kazi ya heshima. Tatizo ni kwamba aliyekuwa anasikiliza ni mimi.

Nilirudi nyumbani mama alipofariki. Mume nilikuwa naye, tukashindwana, kila mtu akashika njia yake, na hayo si ya leo. Nilikuja kwa mwezi mmoja tu, kumsaidia mzee kupanga vitu vya marehemu. Nikaitoa cherehani ya mama chumba cha nyuma, ile ya chuma ya kukanyaga kwa miguu, nikaiweka sebuleni kwa sababu ndiko kuliko na dirisha la maana. Baba naye husikilizia sebuleni. Tukawa wawili humo: spika mbili ndefu, meza ya baba, kiti chake, cherehani yangu na furushi la nguo za watu. Chumba kina hatua saba kwa tano. Nimezihesabu mpaka nimechoka.

Wiki ya pili ililetwa amplifaya moja ya mtumba. Baba akaiwasha, na humo ndani ya muziki kukawa na mluzi mwembamba, wa juu kabisa, unaoingia mpaka kwenye meno. Nikaacha kushona nikaziba masikio. Namtazama mzee, ala! Kafumba macho, anatikisa kichwa kwa raha zake. Mluzi ambao mbwa angeusikia angehama mtaa, yeye anatabasamu.

Kisha akafumbua macho. Si mluzi uliomshtua. Sakafu yetu ni ya mbao, na ubao unaopita chini ya cherehani yangu ndio huohuo unaopita chini ya kiti chake. Nilipoacha kukanyaga, ubao ulituliza mtetemo wake chini ya nyayo zake. Akanikuta nimeziba masikio. Tukatazamana, baba na binti, muda mrefu kidogo. Akanyoosha mkono, akazima, akasema, "Mbovu hii."

Hatukusema zaidi ya hapo. Kesho yake asubuhi nikamkuta amepiga magoti na spana mkononi, anaifunga miguu minne ya cherehani kwenye ule ubao kwa boliti nne.

"Inayumba," akasema bila kunitazama. "Itakuharibia mishono."

Cherehani ile mama aliishonea miaka thelathini na haikuyumba hata siku moja.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Amplifaya ikiwa safi, naendelea kushona. Ikiwa na kasoro, ikikwaruza, ikivuma, ikipiga miluzi, nanyanyua miguu. Baba hungoja kidogo, ili mgeni aliyepo asiunganishe mambo, kisha hukunja uso, hufumbua macho na kutoa hukumu. Na watu huguna kwa mshangao: huyu mzee, lo, ana sikio! Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Hawakusema ukila na kiziwi ufanyeje.

Na mimi ndio nikanasa hapo. Mwezi mmoja ukawa miezi sita, ukawa mwaka. Siwezi kusafiri, maana mzigo wa Bwana Maboksi hauna siku. Siwezi kuugua. Siwezi hata kwenda dukani kununua vifungo nikakaa kupiga soga, maana nikirudi nakuta mzee amekaa mbele ya amplifaya iliyozimwa, mikono mapajani, ananingoja, na kwa mdomo anasema, "Nilikuwa napumzika kidogo." Kaka yangu anayeishi mbali hupiga simu kila mwisho wa mwezi. "Dada, mradi uko na mzee, mimi nalala usingizi." Nikamjibu siku moja, "Lala, mwana wa mama, lala tu, tena vuta na shuka." Akacheka, akadhani natania.

Nilijaribu, msiseme sikujaribu. Nilimkabili mzee uso kwa uso, maana akikuona midomo anakuelewa vizuri sana, nikamwambia, "Baba, twende hospitali wakakupime masikio."

"Masikio yangu yanajulikana mtaa mzima," akasema, na siku mbili hakugusa chakula changu. Nikamwambia mgongoni mwake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hilo nalo hakulisikia.

Sasa, kuna shoga yangu tuliyesoma naye ufundi wa nguo. Mwenzangu alijipinda, akafungua karakana yake katika mji mwingine, mashine kumi, anashona sare za shule. Akanitaka mimi niwe mkataji wake. Watu hawajui kwamba nguo hutengenezwa na mkasi; cherehani inaunganisha tu. Mimi nakata. Hilo nalisema bila aibu. Lakini kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nakatia nguo sakafuni, nimepiga magoti katikati ya spika mbili, na karakana ya shoga yangu ilikuwa na meza ya kukatia yenye urefu wa watu watatu waliolala. Alinipigia picha. Niliitazama picha ile ya meza kama wenzangu wanavyotazama picha za wachumba.

Aliponiita mara ya kwanza nikasema baba anaumwa. Mara ya pili nikasema ningoje kidogo. Mara ya tatu alipiga Jumatatu, nikasimama dirishani kuzungumza naye. "Shoga," akasema, "mpaka Ijumaa jioni. Usipokuja, kazi nampa mwingine. Sitakuchukia, lakini nitampa."

"Ijumaa," nikasema. "Nimekuelewa, Ijumaa jioni. Nitamwambia baba."

Sikumwambia. Jumanne nilimeza maneno, Jumatano nikayameza tena. Ningeanzia wapi? Kumwambia naondoka ni kumwambia kwamba najua, na kumwambia kwamba najua ni kumvua nguo mzee wa watu. Nilikuwa na hasira naye mpaka nikajichoma sindano kidoleni, mimi, fundi wa miaka kumi na tano.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Bwana Maboksi akabisha hodi, kabana kwapani kiboksi kidogo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba," akasema baba, macho kwenye midomo yake. "Leo umetuletea nini, sabuni?"

"Amplifaya hiyo, mzee."

Baba akaitoa kwenye boksi kwa vidole viwili. Kweli ilikuwa kama mche wa sabuni. Amplifaya ya baba mwenyewe, ile ya zamani yenye mbavu za mbao, hubebwa na watu wawili, na ikiwaka saa nzima unaweza kukaushia soksi juu yake. Akaipima hii mkononi, akanitazama mimi, akacheka.

"Hii upepo ukivuma inaruka dirishani. Dijitali, eti. Sauti inakatwakatwa vipande, halafu wanaigandisha kwa gundi."

"Najua huzipendi, mzee," akasema Bwana Maboksi, na akakaa bila kuambiwa, jambo ambalo si kawaida yake. "Ila nisikilize. Kuna mtu ananipa shehena nzima. Bei yake ya chini, mtu wa mshahara mdogo anaweza kuinunua na bado akala. Mimi mwenyewe naiona nzuri. Lakini mtaa huu bila karatasi yako sitauza hata moja. Yule mtu nimjibu kesho asubuhi, na kesho asubuhi naenda na neno lako."

"Neno langu utalipata sasa hivi," akasema baba.

Nikavuta kiti changu. Nilikuwa na pindo la pazia, refu, la kushona moja kwa moja, kazi nzuri ya kusikilizia. Baba akachomoa nyaya kwenye lile dubwana lake, akaziunga kwenye kijisabuni, akaweka kaseti.

Niwaambie kuhusu kaseti hiyo. Baba aliirekodi yeye mwenyewe, humohumo sebuleni, nikiwa na miaka minne. Anayeimba ni mjomba wangu na gitaa lake, na rafiki zake wawili, mmoja anapiga gitaa la besi, mwingine ngoma. Naukumbuka mchana ule vizuri sana, kwa sababu baba alinikalisha chini ya meza akaniambia nisitikisike, nisikohoe, nisicheze na kitu mpaka amalize, nisije nikamharibia kanda. Nje wenzangu walikuwa wanarukaruka kamba, nawasikia. Wimbo wenyewe sijaupenda mpaka leo. Na nimeusikiliza mara nyingi kuliko jina langu.

Akabonyeza. Kikawaka kitaa kidogo cha kijani, na basi. Kimya. Nilidhani imekufa. Nimezoea kwamba amplifaya ikiwaka husema kwanza, huguna, huvuma, hukoroma kama mtu anayeamshwa usingizini. Hii haikusema lolote. Nikamwona hata Bwana Maboksi anainama kutazama kitaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajisemea, hapa ama ni mbovu kabisa ama kuna jambo.

Kisha gitaa likaingia, na mimi nikasahau kuukasirikia ule wimbo.

Sikiliza, mimi si mtaalamu wa mitambo, lakini kwa miaka miwili na nusu nimesikiliza mashine nyingi kuliko wataalamu. Kwenye dubwana la baba gitaa la mjomba ni nene, tamu, limejaa mafuta. Hapa mafuta yaliondolewa. Nilisikia kucha ikigusa uzi kabla uzi haujalia. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya, ile sauti ya kukwangua kidogo, ambayo siku zote nilidhani ni vumbi la kaseti. Gitaa lilikuwa kushoto, karibu na mlango, na nikakumbuka kweli mjomba alikaa karibu na mlango. Ngoma ilikuwa nyuma upande wa kulia, kavu, imekazwa, ikipigwa inakoma papo hapo badala ya kuvimba chumba kizima. Besi haikuwa kubwa, ila kila noti ilijulikana jina lake. Mjomba akafungua mdomo kuimba, na haki ya nani nikausikia mdomo ukifunguka.

Kasoro ilikuwepo, sitatia chumvi. Sauti ya mjomba ilikuwa imenyooshwa kupita kiasi, kama shati lililopigwa pasi likakosa mikunjo hata pale linapotakiwa kuwa nayo. Kwenye dubwana la baba mjomba ana joto zaidi. Lakini ule uongo mtamu hapa haukuwepo, na mimi nilikuwa nimeishi na uongo mtamu muda mrefu, nikaona afadhali huu ukavu. Nikaendelea kukanyaga. Baba kafumba macho, nyayo zake tupu zimetulia juu ya ubao. Safi, zilimwambia. Safi, safi, safi.

Ukaisha ubeti wa pili. Hapo gitaa huacha kidogo, ngoma hubaki peke yake inahesabu, kisha mjomba huingia tena. Hapo ndipo nilipoisikia cherehani.

Nikadhani ni yangu. Lakini haikuwa inafuata miguu yangu. Mimi nakanyaga polepole, yenyewe inakwenda mbio, inapumzika, inakwenda mbio tena. Nikanyanyua miguu. Cherehani yangu ikasimama, na ile nyingine ikaendelea kushona, mbali kidogo, nyuma ya ukuta, katika chumba cha nyuma ambako sasa hamna kitu.

Kisha nayo ikasimama, na mama yangu akasema maneno mawili matatu.

Nililia, nimeinamia pindo la pazia wasinione. Sina namna nyingine ya kusema. Sauti ya mama hakuna aliyeirekodi, nyumba nzima ya fundi redio hatukuwa na sauti yake hata ya kusalimia, na huyo hapo yuko nyuma ya mlango anamsema baba kwa mdomo wangu huuhuu. Miaka yote alikuwa ndani ya kaseti, amefunikwa na mvumo wa lile dubwana na wa mashine nyingine zote nilizozisikiliza humo.

Baba akakunja uso. Akafumbua macho, akazima.

"Mbovu," akasema.

Bwana Maboksi akashtuka. "Mbovu vipi, mzee? Mbona mimi naisikia tamu?"

"Wewe una masikio ya kuuzia. Inakwaruza huko juu. Warudishie wenyewe."

Na Bwana Maboksi, ambaye masikio yake mawili mazima yalikuwa yamemwambia ukweli, akayakana. Nilimwona anayakana. Akashusha pumzi, akachukua boksi. "Basi. Nitamwambia yule mtu hapana. Wewe ndiye Sikio."

Baba alishaanza kuchomoa nyaya, mgongo kwetu. Nilijua nikinyamaza dakika moja tu mambo yatakwisha salama. Kijisabuni kitarudi dukani pamoja na mama, Ijumaa itapita, na mimi nitazeeka humu nikinyanyua miguu. Nikapiga moyo konde.

"Si mbovu," nikasema.

Bwana Maboksi akageuka.

"Si mbovu hata kidogo. Nilisimama kwa sababu nyingine."

"Ulisimama? Kusimama kwako wewe kunahusiana na nini?"

Baba akainua kichwa, akatuona nyuso. "Anasema nini huyu?"

Nikamwendea mbele, aione midomo yangu. "Baba. Ni safi. Ni safi kuliko zote zilizowahi kuingia humu."

"Ulisimama!" akanifokea.

Miaka miwili na nusu, na neno hilo lilitoka kwanza kinywani mwake, tena mbele ya mgeni. Alipotambua, akafunga mdomo. Bwana Maboksi si mjinga. Nilimwona akitazama miguu ya cherehani, boliti, ubao, akaufuata ubao kwa macho mpaka chini ya kiti, mpaka kwenye nyayo za mzee. Akaliweka boksi chini taratibu.

Nilidhani baba atatufukuza sote wawili. Mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ulisimama wapi?"

"Baada ya ubeti wa pili. Pale gitaa linapoacha."

Akakaa. Akaweka waya mezani, akauchukua tena, akauweka.

"Umemsikia," akasema.

"Ulijua yumo?"

"Nani aliweka kipaza sauti? Nilikuwa namsikia kila siku, kwa zile spika za kuvaa masikioni, zilipokuwa nzima. Unafikiri kaseti hii naipendea gitaa la mjomba wako? Mjomba wako hajui kupiga gitaa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Zikaharibika. Halafu na masikio nayo... Sasa huwa nakaa tu hapa nafumba macho, nahesabu. Ukiisha ubeti wa pili najua amefika. Alikuwa amechukia siku ile. Alikuwa na nguo za watu, mimi nimemjazia nyumba kelele, na nimekukalisha chini ya meza tangu asubuhi. Akasema..."

Kisha akayasema, na sikuhitaji kumsahihisha hata neno moja:

"Ukimaliza hiyo redio yako, mtoe huyo mtoto nje akacheze. Atakaa humu ndani mpaka lini?"

Alisema akitazama boliti, si mimi. Na mimi nikaona kwamba maneno hayo alikuwa anayahesabia kila wiki, amefumba macho, nyayo juu ya ubao alioufunga mwenyewe.

"Mimi sisikii," akamwambia Bwana Maboksi kwa sauti ya kawaida. "Huu mwaka wa tatu. Anayesikia ni huyu."

Bwana Maboksi akakuna kichwa. "Kwa hiyo zile zote... zimesikilizwa na fundi nguo?"

"Kuna iliyorudishwa?" nikamuuliza.

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana," akasema. "Haikurudi hata moja."

Baba akavuta droo, akatoa kipande cha karatasi, hakukiandika. Akanipa mimi pamoja na kalamu. Nikaandika: "Imesikilizwa." Bwana Maboksi alikibandika mwenyewe. Akasema kijisabuni kilale kwetu, atakifuata asubuhi kabla ya kwenda kwa mtu wake, akaaga kwa adabu nyingi kuliko alivyokuja. Hata leo sijasikia mtaani kwamba aliwahi kumtaja mzee vibaya.

Tulipobaki wawili, baba akatoa spana. Akapiga magoti mbele ya cherehani, magoti yale yakalia.

"Mpigie simu mwenzako," akasema akiwa kule chini. "Ijumaa ni kesho."

"Nani alikwambia habari ya Ijumaa?"

"Ulikuwa umesimama dirishani. Nilikuona midomo." Akaifungua boliti ya kwanza, akaiweka sakafuni. "Na mara ya kwanza. Na mara ya pili."

Sitadanganya, sikumsamehe papo hapo. Nilisimama pale nikamsema. Nilimsema mwaka mmoja mmoja, nguo moja moja niliyoikatia sakafuni, na kwa kuwa alikuwa ameinamia boliti hakuona midomo yangu, nikasema mengine ambayo nisingeyasema usoni pake. Boliti ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa imeshika kutu. Akahangaika nayo, jasho likimtoka, spana inateleza, naye hanitazami wala haniombi. Mwisho nikainama nikaushika mguu wa cherehani usizunguke, na boliti ikalegea.

Akarudi kwenye kiti chake. Akaunga nyaya upya, akarudisha kaseti mwanzo. Kitaa cha kijani kikawaka, na kimya kile kikajaa chumba.

"Akifika niambie," akasema. "Sasa ubao hautaniambia kitu."

Nikasimama nyuma yake. Mjomba akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, gitaa likaacha. Cherehani ya mama ikaenda mbio nyuma ya ukuta, ikapumzika, ikaenda mbio, ikasimama. Nikaweka mkono begani kwa baba, na midomo yake ikaanza kwenda pamoja na sauti ya mama, neno kwa neno, haimtangulii wala haibaki nyuma, mpaka pale anapouliza mpaka lini.